Njeri Amerudi Darasani

Jumanne, Lanet. Mvua imekatika sasa hivi.

Basi amerudi! Njeri amerudi shuleni, na mimi nimeketi hapa jikoni nikitabasamu peke yangu kama mjinga.

Kama hukusoma niliyoandika wiki iliyopita: mume wangu (ndiyo, mume wangu, wiki ya sita ya ndoa, na bado sijachoka kuandika hivyo) ni mwalimu wa hesabu. Njeri ni mwanafunzi wake wa Gredi ya Nane, anatoka Dundori. Alipata majibu yote ya mtihani bila kuandika hatua hata moja. Mume wangu akampa sifuri, akamuuliza mbele ya wenzake amenakili kwa nani.

Kesho yake Njeri hakuja. Siku iliyofuata pia hakuja. Alimwambia mamake kwamba shule imetosha, atabaki kuchagua viazi.

Mpenzi wangu aliacha kula vizuri. Nilimhurumia, lakini nakiri, nilimkasirikia pia.

Jumamosi akapanda hadi Dundori. Aliwakuta Njeri na mamake shambani, akaketi juu ya gunia, akampa Njeri swali gumu. Msichana akajibu mikono ikiwa bado kwenye udongo.

"Umefikaje hapo?"

"Si naiona tu, mwalimu. Kwani wewe huioni?"

"Wee Njeri! Chunga mdomo!" mamake akafoka.

"Mwache, mama. Kweli siioni. Nionyeshe."

Akamchorea chini kwa kijiti. Njia yake ilikuwa fupi kuliko ya mwalimu.

Leo asubuhi mume wangu amesimama mbele ya darasa lile lile akasema, "Nilimkosea Njeri." Kisha akampa Njeri chaki, na yeye mwenyewe akaenda kuketi kwenye dawati la Njeri.

Kwenye dawati la mwanafunzi!

Nilidhani mwalimu wa watoto wenye vipaji lazima awe na akili kuwashinda. Kumbe ni yule anayeweza kupitwa na mtoto akafurahi. Anayeuliza, halafu anangoja jibu kwa dhati. Na ambaye akikosea hadharani, hajifichi ofisini kuomba msamaha.

Huyo ndiye niliyeolewa naye. Moyo wangu umetulia, jamani.

Mamake ametuma salamu kupitia kwa Njeri: "Mwambie mwalimu alete huyo bibi harusi tumwone."

Tunakuja, mama. Kabla mwezi huu haujaisha, tutakuwa kwako.