Mama Kezimana Hataki Tena Kuitwa Mama Kezimana

Mpendwa Mama Marthe wa redio,

Naandika kwa haya, kwa sababu jambo lenyewe nimelianzisha mimi. Mimi ni Mrundi, mkimbizi, tunalima muhogo karibu na Mboko pamoja na mume wangu Raphaël, na mtoto wetu wa pekee, Kezimana, alituacha mwaka juzi kwa malaria akiwa na miaka sita, na bado kila anayenisalimu njiani ananiita Mama Kezimana kama nilivyoitwa tangu nimzae, na kila mara moyo unakatika, nikawa silali, sili, hata jembe linanishinda, ndipo muuguzi mmoja mgeni, Fanny, anayefuata njia ya Buddha, akanifundisha kukaa kimya kila asubuhi na kuangalia pumzi ikiingia na ikitoka, na wazo likija nilione tu, nisilifuate, litaondoka lenyewe. Siku moja akaniuliza, “Huzuni unaiona. Basi anayeiona ni nani?” Mama, niliona kweli kwamba ndani yangu kuna anayetazama, hana jina wala haumwi, na nikapumua vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Basi nikaongeza bidii. Kwenye chumba cha maombi tumezoea kukemea pepo, kwa hiyo kila Kezimana alipokuja mawazoni nilisema kimoyomoyo, “Toka!” naye akatoka. Kisha nikawaomba majirani wasiniite tena kwa jina lake, waniite Dorothée. Raphaël aliposikia aliacha kula, akaniambia, “Mutoto tulimuzika mara moja. We unamuzika tena? Na kama we si Mama Kezimana, mi niko Baba ya nani?” Sasa ni wiki ya tatu analala kwa kaka yake kule Swima, na wamama wa maombi wanasema Fanny amenitia pepo. Lakini kinachonitisha zaidi ni kwamba juzi nilitaka mwenyewe kumkumbuka mtoto, nikafumba macho, na uso wake haukuja. Je, niache kukaa kimya? Nimpoteze nani, mume wangu au amani hii?

Dorothée, Mboko

Mama Marthe anajibu:

Dorothée, mama yangu, pole sana. Mimi pia nilimzika mwanangu, na uso wake ulinipotea mwezi mzima, ukarudi siku moja nikianika ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Nakuambia hilo kwanza ili mengine uyasikie ukiwa umetulia.

Sasa nikugombeze kidogo. Fanny alikuambia uone. Ni wapi alikuambia ukemee? Hilo umelitoa kwenye chumba cha maombi ukalipeleka kwenye pumzi, ukamfukuza mwanao kama kuku aliyeingia kwenye muhogo ulioanikwa. Kezimana si pepo, mama! Dini ya Buddha siijui vizuri, mimi ni Mkristo, lakini anayetazama kweli hachagui cha kuona. Kama pumzi anaiona na mtoto anamkimbia, basi huo bado ni woga, ila umejifunza kukaa kimya.

Na kosa la pili: jina hilo hukuwa nalo peke yako. Raphaël alikuwa akilisikia barabarani, shambani, kisimani, na kila mara mwanawe alikuwa ametajwa. Ulilifunga bila kumuuliza. Mimi ningekasirika pia.

Kukaa kimya usiache, kumekuponya. Wamama wa maombi waambie unapumua tu, hata wao wanapumua. Ila kesho asubuhi Kezimana akija, mwache akae anavyotaka na aondoke anavyotaka. Itauma. Maumivu hayo yaangalie pia, usiyakimbie.

Halafu panda pikipiki uende Swima. Maelezo marefu ya pumzi usimpelekee, atakuona unahubiri. Mwite Baba Kezimana, umwombe msamaha, kisha umwambie ukweli ulioniambia mimi: kwamba uso wa mtoto umekupotea. Yeye anao. Mwombe akusimulie alivyocheka, alivyokasirika, alivyokuwa akilala, nawe umsikilize kwa utulivu ule ule uliofundishwa, bila kumkatiza. Na mkifika mahali pa kulia, lieni. Tangu mwaka juzi kila mtu anakupa pole wewe, na mwanaume huyo bado hajapata wa kulia naye.