Nani Anamtambua Musembi

Machakos Mjini,
9 Februari 1997

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako Kasyoka. Yeye alishikwa na homa, lakini sasa anacheza. Wewe je, magoti bado yanakusumbua? Mvua ilinyesha hapo Mitaboni ama ilipita tu?

Mama, nakuandikia jambo ambalo si rahisi kumwandikia mama wa mume wangu. Nimekwenda kwa wakili kuomba talaka. Tangu siku ile Musembi alipotufungia kwa nje kule Mlolongo na kumwaga mafuta ya taa chini ya mlango, sijamwona tena. Majirani walipovunja mlango, alikuwa ameshatoroka. Sasa ni miaka minne, na bado nikisikia kufuli ikigongagonga mlangoni mwa jirani naamka na kumshika mtoto. Akirudi leo, mimi ni mke wake wa kanisani. Askari mmoja niliyemuuliza alisema hayo yatakuwa mambo ya nyumbani. Ndiyo sababu nataka korti ituachanishe.

Wakili anasema lazima kwanza Musembi apewe mkononi samansi, karatasi ya kumwita kortini. Je, unajua aliko? Sikuombi unichague mimi umwache yeye. Niambie tu.

Ni mimi mwanao,
Pauline


Mitaboni,
2 Machi 1997

Kwa mwanangu Pauline,

Nimefurahi kusikia Kasyoka amepona. Mimi niko, nashukuru Mungu. Magoti ni yale yale. Mvua ilikuja kidogo, tumepanda pojo.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikaenda shambani, nikarudi nikaisoma tena. Sijui aliko. Nilikwenda mpaka Kangundo kwa ami yake, naye hajui. Mtu mmoja anasema alimwona Mariakani, mwingine anasema Taveta. Naogopa kusikia amekufa, na naogopa kusikia yuko hai. Mama hapaswi kusema hivyo, lakini wewe nakwambia.

Sitakuzuia. Mlete mtoto likizo ya Aprili, nimemfugia kuku.

Ni mimi mamako,
Nzembi


Machakos Mjini,
27 Aprili 1997

Kwa Mama mpendwa,

Hujambo, na majirani hawajambo? Sisi ni wazima wa mwili. Nisamehe kwa kutomleta Kasyoka. Soma utajua kwa nini.

Kwa kuwa Musembi hakupatikana, korti imekubali aitwe kwa gazeti. Tangazo limetoka juzi. Nililiona dukani kwa Dahabo, yule mama Msomali ninayemshonea mapazia. Jina lake Musembi, jina langu, na anwani ya wakili hapa Machakos. Nikaendelea kukata kitambaa pasipo alama hata Dahabo akaninyang'anya mkasi. Miaka yote hii nimejificha, na sasa mimi mwenyewe nimemwita na kumwonyesha mji nilioko.

Wakili anasema hakuna njia nyingine. Mama, Musembi akija kwako, usimwambie ninapolala wala ninapofanyia kazi. Na tafadhali jibu haraka.

Ni mimi mwanao,
Pauline


Machakos Mjini,
1 Juni 1997

Kwa Mama,

U hali gani? Hii ni barua ya tatu tangu tangazo, na hujajibu hata moja. Kama ni ugonjwa, mwambie Mbinya, mke wa mchungaji, aniandikie.

Jumanne mwanamume alifika dukani akauliza kama kuna fundi wa kike anayeitwa Pauline. Dahabo alimjibu kuwa hapo wanauza vitambaa, hawauzi watu. Nilikuwa nyuma ya marobota, nimeuma kitambaa nisisikike. Sauti sikuitambua, na hilo ndilo linanitesa, kwa sababu huenda nimeisahau. Sasa Kasyoka analala kwa Dahabo, na shule haendi.

Kama yuko hapo kwako na huwezi kuandika, basi nitajua kwa kunyamaza kwako.

Mwanao,
Pauline


Mitaboni,
15 Juni 1997

Kwa mwanangu Pauline,

Najua hamjalala vizuri, kwa hiyo sitauliza habari ndefu. Mtoto yuko? Mshike.

Alikuja. Aliingia uani na kipande cha gazeti mfukoni mwa shati, amekonda, anaongea kwa upole. Alinipasulia kuni, akatengeneza paa la jikoni. Majirani wakasema mwanangu amerudi akiwa mtu. Kila jioni aliniuliza jambo moja tu, mnakaa wapi. Nikasema sijui. Siku moja aliuliza akiwa amenishika kifundo cha mkono, akaushusha mkono juu ya makaa polepole, huku akiniita mama. Ngozi imetoka, lakini inapona. Sikumwambia.

Barua zako zilifika kwa sanduku la kanisa, na Mbinya alizificha humo kanisani, kwa sababu alimwona Musembi akinifuata kila mahali. Nilimnong'oneza Mbinya wakati wa sadaka apeleke habari kwa wakili kwamba Musembi amepatikana. Jumapili iliyofuata mtu wa korti akaja nyumbani na wazee wawili wa kanisa, kama wageni wa chai. Musembi alikuwa anakula. Yule mtu akatoa samansi akauliza, "Nani anamtambua Musembi?"

Wazee wakatazama vikombe vyao. Wao wanamjua tangu azaliwe, lakini walimwogopa. Musembi akanitazama mimi, akitabasamu.

Nikasema, "Mimi. Ndiye huyu. Nilimzaa."

Aliwekewa karatasi mkononi. Akazisoma zote, akazitia motoni zikaungua. Mtu wa korti akasema si kitu, ameshazipokea. Asubuhi Musembi hakuwepo. Sijui amechukua njia ya upande gani. Msitoke.

Mamako,
Nzembi


Machakos Mjini,
30 Novemba 1997

Kwa Mama mpendwa,

Mkono umepona? Kasyoka amerudi shule, na jana alicheka mpaka akapaliwa.

Kesi imesikizwa. Musembi hakuja. Kila mlango wa korti ulipofunguliwa, nilipoteza neno nililokuwa nikisema, na hakimu akaningoja. Ametuvunjia ndoa. Inabaki miezi michache ndipo amri iwe ya mwisho, lakini wakili anasema nilale.

Sijui sasa natakiwa kukuitaje. Mimi nitaendelea kukuita Mama. Nimepata chumba kikubwa zaidi, kina dirisha. Njoo ukae nasi. Dahabo anasema hata kitanda atatoa. Niandikie siku utakayofika, nije kukupokea.

Mwanao,
Pauline


Mitaboni,
14 Desemba 1997

Pauline mwanangu,

Nimeshukuru kwa hicho chumba. Nimelia kwa furaha juu ya ndoa hiyo kuvunjwa, Mungu anisamehe.

Amerudi. Naandikia kanisani, na yeye ananingoja nje kwenye jua, amebeba kitabu changu cha nyimbo. Anajua habari ya korti. Hajanigusa. Anasema hana mke tena, amebaki na mama tu, na popote nitakapokwenda atakuja nyuma yangu.

Kwa hiyo siji. Nikija, nitamleta mlangoni kwako. Usije huku, na usiandike tena, maana siku moja Mbinya atachelewa kuificha barua yako. Hii atakuletea kwa mkono, kisha msijuane.

Wewe umeachana naye. Mimi niliyemzaa, hakuna korti ya kuniachanisha naye.

Kasyoka akiniulizia, mwambie susu, nyanya yake, ni mzima.

Wimbo wa mwisho unaisha. Natoka.

Mama