Bahasha ya Dola Mia na Moja

Surrey, Kanada
Mwezi wa nane

Kaka yangu mpendwa Balkar,

Naigusa miguu yako nikiwa mbali. Goti linaendeleaje? Wifi na watoto hawajambo? Na yule nyati wetu wa maziwa, yule mkaidi, amekubali kukamuliwa na mtu mwingine? Sisi tu wazima. Mama mkwe bado ananiamrisha kama jemadari, basi ujue afya anayo.

Barua yako nimeipata. Nimefurahi mno kusikia unagombea uenyekiti wa kijiji, na umeniomba nije nikupigie kura kwa kuwa marehemu baba alishindwa kwa kura moja tu. Nitakujibu, ila kwanza nikupe kisa.

Mwaka juzi mama mmoja aliyegombea ubunge wa hapa alikaribishwa chai kwa jirani yetu. Mama mkwe, kama anavyotunza bi harusi, akampachika mapajani bahasha ya dola mia na moja, ile moja ikiwa ya baraka. Karani wa mgombea akairudisha kwa adabu, akisema bila jina haipokei. Mama mkwe akawaka: tangu lini baraka ikaandikwa jina? Haya, aandike la mwanawe Nirmal! Karani akauliza pesa ni ya nani. Nikajitokeza mwenyewe. Ilikuwa yangu, ya kufungasha matunda kiwandani. Basi jina liandikwe langu, karani akasema. Nikamwambia mimi mkazi tu, sipigi kura. Akanijibu kuwa mkazi wa kudumu anaruhusiwa kuchangia, na kodi yake hupunguzwa sawa na ya raia.

Nilidhani ananitania. Lakini wakati wa kodi nilipunguziwa robo tatu ya ile pesa. Mume wangu Nirmal alicheka, akauliza ni serikali gani hii inayokulipa kwa kumlisha mwanasiasa. Kwetu India mwanasiasa ndiye anayekulisha wewe, unga na chupa ya pombe, kisha anakula yeye miaka mitano.

Siku ya kura niliwapeleka kina mama wa mtaa kituoni, nikawangoja garini. Mama mkwe, ambaye ni raia, alitoka akasema, "Binti, pesa yako imeingia, mwenyewe umebaki mlangoni!" Wote walicheka, nami nikacheka, ila iliniuma. Jioni tukasikia yule mama ameshindwa.

Kaka, nimekuzungusha vya kutosha. Mwezi jana nimeapa kuwa raia wa huku. India haikubali mtu awe wa pande mbili, kwa hiyo pasipoti yetu nimeirudisha, nikalia mbele za watu. Sikukuuliza kwa sababu ungenikataza, nami ningekutii. Sina tena kura ya kukupa. Nilitaka nikutumie mchango badala yake, Nirmal akanikumbusha kwamba katika uchaguzi wako mimi sasa ni mgeni, na pesa ya mgeni hairuhusiwi. Mimi, niliyezaliwa chumba kimoja na wewe!

Humu nimekutilia uzi wa rakhi, wa sikukuu yetu ya kaka na dada. Dada haulizwi pasipoti kumfunga kaka yake uzi. Wifi akufunge kwa niaba yangu, uende nao kupiga kura, kisha unitumie picha ya mkono wako. Nikiuona, nitajua bado nina kwetu. Usipoufunga, sitakulaumu.

Wasalimie wote, nyati naye asisahauliwe.

Ni mimi dada yako,
Sukhwant