Siku Gari la Mkwe Lilipotufungia Nje

Buswelu, Mwanza

Dada yangu Nyangeta,

Shikamoo dada. Nakuamkia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu huipokei. Nimepiga asubuhi, nimepiga jioni, nikaazima hata simu ya jirani, ukasikia sauti yangu ukakata. Sikulaumu. Karatasi haikatiki. Hata ukiichana utakuwa umeshaona maneno mawili matatu.

Mguu unaendeleaje? Ule uvimbe wa kwenye kifundo umeshuka, au bado unajikaza tu mbele za watu? Usikanyage maji ya ziwa asubuhi, yana baridi, tuma mtu. Mihogo mmeanika? Na nyumba ya mama analala nani? Isikae bila moto, dada. Nyumba ikikosa moto mchwa wanapata habari.

Mimi mwili ni mzima. Chakula ndicho kinapita kwa shida. Jana Neema kaniuliza, "Bibi, mbona unaongea na sufuria?" Kumbe nilikuwa naongea na wewe.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Pendo alitaka aniandikie nikamwambia hapana mwanangu, kwa sababu mengine yaliyomo humu hata yeye hayajui. Darasa langu la nne unalijua, ukikuta neno limekaa upande lipite tu.

Dada, pale msibani ulisimama mbele ya watu ukasema, "Huyu Msukuma na gari lake la kufunguliwa kwa simu ndiye kamnyima mama yangu mtoto wake." Watu wakacheka. Hata msibani watu hucheka. Lakini mkwe wangu alikuwa nyuma yako na ndoo mbili za maji, alisikia yote. Akazitua polepole zisimwagike, akaenda kukaa kule kwenye kuni na wapishi, na huko ndiko alikolala na kuamka mpaka tunaondoka. Hukumpa mkono. Kaka Mafuru naye akakufuata wewe. Sasa nimeletewa maneno kwamba siku ya kujengea kaburi la mama asionekane hapo nyumbani. Ndiyo nikasema hapana, nitaandika. Aliyekosa ni mimi, na nakueleza vile ilivyokuwa, bila kupunguza.

Kaka alipopiga kusema mama ameanza kuita majina, ilikuwa alfajiri. Baba Neema, huyo mkwe wangu, hakuuliza neno. Alipiga simu kazini akaomba ruhusa, saa mbili tukawa barabarani. Pendo mbele na mumewe, mimi nyuma na mtoto. Gari lile halina ufunguo wa chuma. Simu yake ndiyo ufunguo: akiwa nayo linamjua, linafungua, linawaka. Ipo na kadi moja ya akiba, nayo ilibaki hapa Buswelu, kabatini. Nani angekumbuka kadi asubuhi ile.

Neema alikuwa analia, basi baba yake akarudisha mkono nyuma akampa simu aangalie katuni. Tumepita Magu, mtoto katulia, Pendo kasinzia maana hakulala usiku. Mimi naangalia ile simu kwa sababu iko mapajani kwa mtoto. Nikaona kale kabetri ka juu kamekuwa kekundu. Ikalia mara moja. Baadaye ikalia tena. Neema akasema, "Bibi, imezima." Nikamwambia, "Nyamaza, baba anaendesha."

Unanijua mimi na ukwe, dada. Ndivyo mama alivyotulea. Nimekaa nyumba moja na kijana yule miaka mitatu na sijawahi kumwambia neno moja kwa moja. Nikiwa na haja namwambia Pendo, au namwambia Neema kwa sauti, "Mwambie baba chai ipo," naye anajibu kwa mtoto, "Mwambie bibi nashukuru." Jina lake silitaji. Kiti alichokalia sikalii. Sasa Pendo kalala, nitapitia wapi? Ningeweza kumtuma Neema. Nikaona aibu, mama mkwe gani anachunguza simu ya mkwe wake. Kinywa nilikuwa nacho, sikukitumia.

Kufika karibu na Lamadi Neema akaanza kutapika. Baba yake akasimama pembeni, akazima gari. Pendo akaamka, akamtoa mtoto. Na mimi nikashuka, ningebakije garini peke yangu na mkwe? Yeye naye akashuka kuchukua maji kwenye buti, hakuwahi hata kulifungua. Milango yote ikawa imefungwa. Likiwa linatembea lilikuwa halijali simu imezima, lakini tulipokuwa wote chini likatulia kidogo, halafu likajifunga lenyewe. Kaa! Taa zikakonyeza mara moja. Simu iko ndani kwenye kiti, imekufa. Pochi yangu ndani. Funguo za nyumba ya Buswelu ndani, kwa hiyo hata jirani hawezi kuingia kututolea ile kadi.

Mwanzoni tulifikiri ni jambo la dakika mbili. Pendo alikuwa na simu yake mkononi. Mumewe akajaribu kulifungua kwa hiyo, gari likasema sawa, nitatuma namba za siri. Limezituma wapi? Kwenye ile simu iliyofungiwa ndani. Akawapigia waliomuuzia, wakamwambia subiri kidogo. Akapiga tena, subiri kidogo. Jua linapanda.

Hapo barabarani kuna mama mmoja anakaanga samaki, na vijana wa bodaboda wanakaa kwenye kivuli cha kibanda chake. Wakaja kuzunguka gari.

"Mzee, ufunguo uko wapi?"

"Ndani."

"Uko ndani wapi?"

"Ni simu."

"Aisee! Sasa si ulipigie likufungulie?"

Wakacheka. Mwingine akasema, "Mimi pikipiki yangu naiwasha hata kwa bisibisi. Gari la milioni zote hizo halimjui mwenyewe!" Mmoja akaleta waya, akahangaika nao dirishani mpaka jasho likamtoka, wapi. Mkwe anacheka nao mdomo tu. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Akamwambia Pendo, "Muulize mama, nivunje kioo?"

Nami nikamwambia Pendo, "Mwambie asivunje, gari jipya hilo. Watu wake si wamesema asubiri? Tusubiri."

Hilo la kwanza. La pili ndilo zito, na ndilo linanifanya niongee na masufuria.

Saa sita hivi likaja basi la Musoma, likasimama kushusha mtu. Kondakta akaning'inia mlangoni, "Bunda, Musoma! Nafasi moja, mama, nafasi moja, twende!" Yule mama wa samaki alikuwa ameshanipa kigoda na ameshajua safari yangu. Akanishika bega.

"Panda mama. Nauli nakupa mimi, utanirudishia ukirudi. Bunda unachukua boda."

Nikamwambia, "Nitamwachaje mkwe njiani?"

Akaniangalia. "Mkwe ana umri wa kusubiri. Mama yako anao?"

Pendo naye akasema, "Mama, nenda." Mkwe alikuwa amesimama mbali kidogo, ameinamisha kichwa. Akamwambia mtoto, na nilisikia, "Mwambie bibi apande."

Sikupanda, dada. Kwa watu nilisema ni heshima, kwamba kumkimbia mkwe akiwa kwenye aibu ni kumvua nguo. Hata Pendo anaamini hivyo mpaka leo. Wewe ni damu yangu, sitakuficha. Wakati Pendo anaolewa mlisema nini? Wewe ulisema Msukuma huyo atakuja mara moja kuchukua mke, hatarudi, na mimi nitazeekea kwenye jiko la watu. Nilimeza. Miaka sita nimemeza. Basi siku ile, huku mama anakata pumzi, moyoni mwangu nilikuwa na picha: gari jeupe linaingia uwanjani kwetu, mkwe ananifungulia mlango, nashuka, na wewe uko pale unaona. Ningefika na bodaboda, kanga imejaa vumbi, ungesema nini? Hicho ndicho kilichonikalisha kwenye kigoda. Gari ni bati tu. Mimi ndiye niliyejifungia.

Kondakta akapiga ubavu wa basi, wakaondoka.

Nimepiga hesabu ya mwendo mara nyingi. Ningepanda, ningemkuta mama anapumua.

Saa nane na kitu simu ya Pendo ikaita. Alikuwa kaka. Pendo alikaa tu chini palepale kwenye changarawe, nikajua. Nilipiga yowe moja. Wale vijana waliokuwa wanacheka wakavua kofia.

Na hapa, dada, nisikilize vizuri. Mkwe wangu hakuuliza tena mtu. Alivua shati akazungushia mkono, akaokota jiwe, akapiga kioo cha nyuma mara tatu mpaka kikamwagika. Akapitisha mkono, akatoa ile simu, yule mama wa samaki akaichomeka kwenye umeme wa kibanda chake. Ikawaka, gari likafunguka kama halijafanya lolote. Halafu akanijia. Mimi nimekaa chini. Akanishika mkono. Mkwe, dada, alinishika mkono kwa mkono wake, unachuruzika damu ya kioo, akaniinua, akanikalisha kiti cha mbele, mahali pa mke wake. Akasema, "Mama, nisamehe." Kwangu. Hakupitia kwa mtoto.

Sikumjibu. Tulikwenda upepo unaingia kwa nyuma mpaka nyumbani, naye analia anaendesha, na mimi nimeangalia dirishani kama simwoni.

Tulipofika mnajua wenyewe. Mlikuwa mmeshamwogesha mama, mmeshamfunika. Ulisema ulichosema, nami nikanyamaza. Mara ya tatu siku ile nikanyamaza. Aibu ya kwangu nikamwachia kijana wa watu aibebe pamoja na ndoo za maji.

Sasa anaondoka asubuhi kazini, anarudi jioni, anakula kidogo, analala. Kioo ameshaweka kingine. Kadi ya akiba anatembea nayo shingoni kama mwanafunzi na kitambulisho. Juzi nimejikaza. Nilimpelekea uji mwenyewe, nikasema, "Baba Neema, kosa si lako." Alishtuka mpaka akasimama. Akaniambia, "Mama, wao hawajui hivyo." Nikaona ni kweli, hamjui. Ndiyo maana naandika.

Kwa hiyo naomba, dada. Siku ya kujengea kaburi nitakuja mapema, na nitasimama mimi mwenyewe niseme mbele ya wale waliocheka. Nikimaliza mnitukane mimi. Yeye mpeni kiti, na mkono mpe wewe kwanza, kwa sababu kaka atafuata unachofanya. Ukikataa, basi na mimi nitakaa kule kwenye kuni pamoja naye, mpaka msiba uishe.

Nisalimie kaka Mafuru, mwambie simdai neno, namdai tu anipigie. Nisalimie wifi yetu mama Majura, aliyenipa maji siku ile wakati hakuna aliyenitazama. Msalimie mama mdogo Nyamisi, mwambie dawa ya macho nimeshampatia, anayo huyu anayekuletea barua. Na mama Chirangi, jirani yenu huyohuyo aliyebeba barua, mpe chakula kabla hajaenda kwake, maana anatoka stendi ya Buzuruga na mtoto mgongoni.

Kitu kimoja kimebaki, na kwenye simu ndicho nilichokuwa nataka nikuulize. Kaka alisema mama aliita majina. Wewe ndiye uliyekuwa umemshika kichwa. Jina langu lilikuwemo? Kama aliniita, niambie, hata kama itaniua. Kama hakuniita, niambie pia. Kama aliuliza nimefika wapi, nawe ukamjibu yuko njiani, niambie ulimjibu kwa sauti gani, na yeye alisemaje.

Sitakuuliza lingine lolote maishani.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni,
mama Pendo