Mama Kioko, Hatukumpiga

Mama Kioko,

Najua ungeanza kwa kuniuliza nimekula nini na ninalala wapi, kwa hiyo nianze na hayo. Nimekula wali na kuku. Nalala Jeddah, mtaa wa Bani Malik, chumba kimoja na wanaume wenzangu wanne, Wakenya sote. Riyadh nilihama. Baada yako madam alileta mpishi mwingine, mama mpole asiye na kosa lolote, lakini kila nilipoliosha gari pale uani Al-Malqa nilijikuta nikisikiliza kama utaniita chai. Nikamwomba kafili, yule mwajiri mwenye kibali changu, aniruhusu kuhama, akakubali bila maneno mengi. Sasa naendesha gari la kusambaza maji ya kunywa.

Sikuja kukuzika. Utanisamehe, ruhusa haikupatikana. Niliyafuata mazishi kwa simu, nikiwa bado Riyadh, nimeegesha gari nje ya shule ya watoto wa madam, mtandao ukikatika na kurudi. Mpwa wako ndiye aliyeshika simu upande wa nyumbani. Jeneza lilipopita akaninong'oneza kwamba yule aliyelibeba mbele kulia, mwenye shati la kijani, ndiye Ndolo. Mmoja wa waliomuua Kioko wako, Mama, alikuwa amekubeba wewe begani. Hapo ndipo nililia. Watoto walipotoka shuleni niliwaambia macho yameingia vumbi.

Unakumbuka siku uliyonisimulia habari zake? Ilikuwa adhuhuri, sote tuko jikoni, na mlinzi wa jumba la jirani alikuwa anatuonyesha video kutoka nyumbani, watu wakimpiga mwizi wa kuku sokoni. Alikuwa anacheka. Wewe ulikuwa unakatakata vitunguu. Ukaweka kisu chini ukamwambia taratibu, "Zima. Huyo ana mama."

Mlinzi alipoondoka ulinieleza yote, na hukuinua sauti hata mara moja. Kwamba Kioko alikuwa amekwenda mnadani kununua kamba ya mbuzi, mtu akapiga kelele ya mwizi, na kidole kikamwangukia yeye. Kwamba waliompiga hawakuwa wageni. Walikuwa majirani waliokula kwako. Kwamba polisi waliwashika wachache, na miaka ilipopita na Ndolo akatoka jela, wazee walikuuliza unataka alipe nini. Ukawaambia hutaki ng'ombe wala mbuzi. Unataka aje akae kwako, akuambie mwanao alisema nini mwisho.

Akaja. Ulimpa chai, hakuweza kuinywa. Akakuambia, "Aliniita kwa jina langu. Alidhani nimekuja kumsaidia."

Mimi nilidhani utaniambia ulimsamehe siku ile. Ukasema hapana, siku ile ulimwambia aende, ukaugua wiki nzima. Lakini mvua zilipokaribia ukaamka ukamkuta shambani kwako na jembe, hakuna aliyemwita. Akarudi msimu uliofuata, na uliofuata. Ulisema: "Wangeniulia na huyu, ningebaki na makaburi mawili na shamba halijalimwa." Kisha ukarudi kwenye vitunguu vyako.

Sasa nikueleze kwa nini nakuandikia.

Katika chumba chetu kuna Otieno, fundi wa rangi. Mkewe alijifungua binti baada ya yeye kuja huku. Mtoto huyo hajawahi kumshika. Anamjua kwa picha tu, na picha zote zilikuwa kwenye simu yake. Ijumaa moja, tulipotoka kununua mboga, simu ikapotea. Haikuchukua muda kujulikana. Kijana mmoja tuliyemhifadhi, Baraka, aliyemtoroka kafili wake na hana ikama, kile kibali cha kuishi huku, alikuwa ameonekana akiiuza kwenye duka moja huko Al-Baghdadiyah.

Alipoingia mlangoni, Simiyu, mwenzetu mwingine wa chumbani, akafunga kwa ufunguo. Simiyu ni mtu mwema, Mama, usimchukie. Lakini alikuwa amechomoa mguu wa kitanda, ule wa chuma. Akasema tumpige tutakavyo, kwani hana karatasi, atatushtaki kwa nani? Na ndilo lililonitisha. Hasira naijua, lakini hii ilikuwa imeshapiga hesabu ya nani asiye na mtu wa kumlilia.

Nilisimama kati yao. Usidhani nilikuwa shujaa. Sikuwa na hotuba. Nikamwuliza Baraka mama yake anaitwa nani. Akanitazama kama mwehu, kisha akasema, "Jumwa." Nikamwambia Simiyu, ukimaliza utampigia wewe Mama Jumwa simu, maana mimi sitaweza. Hakuweka kile chuma chini, ila alikaa kitandani nacho mapajani, na hiyo ilitosha.

Tukamwomba Otieno aseme yeye kwanza, maana ndiye aliyeibiwa, sisi wengine tulikuwa tunajitia tu. Nilidhani atatukana. Akamweleza Baraka juu ya picha: mtoto akiota jino, mtoto akilala na kiatu cha baba yake. Akasema, "Simu nitanunua. Wewe umeniibia mtoto."

Baraka hakusema kitu cha kututoa machozi. Alisema amechoka kula chakula cha watu kila siku huku wakimtazama sahani. Basi.

Yeye na Otieno wakaenda pamoja Al-Baghdadiyah kuitafuta. Mwenye duka alikuwa bado nayo na akakubali kuirudisha, lakini ilikuwa imeshafutwa yote. Walirudi nayo tupu. Simiyu akasema, mnaona sasa? Halas, yamekwisha, mngeniachia.

Ndipo Baraka akaomba simu yangu. Akampigia mke wa Otieno, mbele yetu sote, akajitaja jina, akasema, "Mimi ndiye niliyeiba, naomba unitumie picha za mtoto, nimempotezea baba yake." Mama, yule mwanamke alimsema! Alimsema mpaka salio langu likakaribia kwisha, na Baraka amesimama wima anaitikia, ndiyo dada, ndiyo dada. Kisha zikaanza kuingia, picha moja baada ya nyingine, na Otieno akanipokonya simu akaenda nazo dirishani. Si zote. Ile ya kiatu mkewe hakuwa nayo.

Siwezi kukudanganya kwamba yote yamekuwa mazuri. Simiyu alihama, akasema nimefanya chumba kuwa makao ya wezi. Tukikutana barabarani ananisalimu kwa kichwa tu. Baraka tulimsindikiza ubalozi mdogo hapa Jeddah, yuko kwenye foleni ya kurudishwa nyumbani, na kwa sasa yeye ndiye anayepika. Otieno anakula anachopika, lakini hamwiti kwa jina bado. Nimemwacha, simhimizi. Nakumbuka ulivyougua wiki nzima.

Jambo moja la mwisho. Habari zimezunguka, na Ijumaa ijayo nimeitwa nyumba moja ya Wakenya mtaa wa pili. Ndugu wawili wa tumbo moja wamechomeana nguo, na sasa mmoja anatembea na kisu. Wananiita mimi, Mama, dereva wa maji. Nimewaambia mafi mushkila, hakuna tabu, nitakuja, kumbe usingizi sina.

Lakini nitaenda. Nakuahidi kwamba nitaenda kila nitakapoitwa, hata nisipojua la kusema, na sitatoka mpaka wote wawili wawe wamekaa chini.

Pumzika, Mama Kioko. Mwambie Kioko kwamba huku watu wanamtaja.

Mwanao wa Al-Malqa,
Mutinda