Kanisa Zima Lilibonyeza

Alhamisi, alasiri. Kiamunyi.

Baridi ya leo ni ile inayoingia kupitia soksi. Ukungu haujatoka upande wa mlima Menengai tangu asubuhi, na humu dukani tumewasha majiko mawili badala ya moja kwa sababu ya vifaranga. Walianguliwa Jumatatu. Kufikia leo wangekuwa wameshaenda kwa watu. Bado wako hapa, katoni juu ya katoni, wanalia kana kwamba wananijua.

Naona aibu kuandika haya. Lakini nisipoandika nitaendelea kujidanganya kwamba kosa lilikuwa la mtandao.

Mimi ni karani wa Mama Jeruto. Yeye ana mashine ya kuangulia. Wanawake wa kanisa lake huleta mayai ya kienyeji, mashine inayaangua, tunauza vifaranga kwa simu na mtandaoni, kisha kila mama anapata fungu lake. Wasipouzwa, akina mama hawapati kitu. Na kifaranga hangoji. Kila siku anayokaa hapa anakula na kukua, na mteja anayetaka wa siku moja anamkataa.

Mauzo yalipolegea, Mama aliniambia, "Wewe ndiye umesoma, Karani. Chagua njia." Kulikuwa na redio, na kulikuwa na matangazo ya kwenye utafutaji: mkulima anaandika kwenye simu kwamba anatafuta vifaranga karibu na Nakuru, duka letu linatokea juu kabisa, na sisi tunalipa kila linapobofywa. Nilichagua hayo. Bado naamini sikuchagua vibaya. Nilipanga maneno kwa makini, nikaweka mipaka ya Rongai hadi Gilgil ili asitubofye mtu wa mbali, nikaweka kiwango cha siku ambacho kikiisha, tangazo linapumzika hadi kesho yake.

Kilichoharibu ni sentensi moja. Mama aliuliza, "Sasa hiyo pesa inaenda saa ngapi?" Niliogopa kwamba akisikia tunalipia kila kidole, hata cha mtu anayepita tu, atakataa, na wazo langu la kwanza kazini litakufa. Nikamwambia, "Tunalipa tu mteja akija, Mama."

Nilijua si hivyo.

Siku za kwanza simu ililia. Mzee mmoja wa Rongai alikuja akachukua katoni zake, akaahidi kununua tena. Mama alifurahi mpaka akanifungia mayai ya kupeleka nyumbani. Kisha ikaja Jumapili.

Wakati wa matangazo kanisani alisimama, akashika maikrofoni, akawaeleza ndugu jinsi ya kututafuta. "Mkituona, bonyezeni! Ni bure! Bonyezeni tupande juu!" Kanisa likacheka, simu zikatoka mikobani. Huku kwetu mtu akiomba asimamiwe, yaani asaidiwe na wote, anasimamiwa. Paa la kanisa lile tulilipandisha hivyo hivyo. Mama Shiru, mmoja wa wanaotuletea mayai, alikuwa ameketi mbele yangu; aligeuka akanionyesha simu yake. "Si ni nyinyi hawa? Haya, nyingine ni ya Karani." Akabonyeza tena.

Nilitabasamu. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kusimama na kusema. Lakini mimi sijawahi kusimama kanisani.

Tangu siku hiyo, kiwango chetu kinaisha kabla watu hawajamaliza chai ya asubuhi. Mtambo wa matangazo hukataa mibofyo unayoishuku, lakini hawa washukiwe kwa nini? Ni watu halisi, kila mmoja na simu yake, kila mmoja na upendo wake. Jioni, wakulima wanapotoka shambani na kushika simu, sisi hatupo. Mama alikuwa akiona tu idadi inavyopanda kwenye kompyuta yangu, akisema, "Ona vile watu wanatupenda." Jumatatu sikusema. Jumanne nilijiambia nitasema kesho.

Jana yule mzee wa Rongai alisimamisha pikapu mlangoni, akitoka mjini. Nyuma kulikuwa na katoni za vifaranga alizonunua kwa watu wengine.

"Kumbe mko?" alishangaa. "Namba yenu ilinipotea, nikawatafuta kwa simu jioni mbili, hamuonekani. Nikajua mmefunga."

"Tuko, mzee! Tuko sana!" Mama alijibu. Mzee alipokuwa akiondoka, Mama akanigeukia. "Karani, mbona hatuonekani?"

"Ni mtandao, Mama."

Hiyo ndiyo sentensi ninayoijutia kuliko zote. Ile ya kwanza niliisema nikiwa bado na matumaini. Hii niliisema nikiona katoni za mzee zikiondoka, na zetu zikilia nyuma yangu.

Leo asubuhi Mama aliingia akiwa na furaha ya mtoto. Akaketi kando ya jiko, akavaa miwani, akatoa simu. "Mama Shiru amenifunza kutafuta. Na mimi nichange changu." Akaandika herufi moja moja. "Haiya! Ndio sisi hawa!" Kidole kikainuka.

"Mama, usibonyeze!"

Nilisema kwa sauti kubwa hata vifaranga wakanyamaza kidogo.

Nikamwambia yote. Kila kidole tunakilipia. Sio mtandao. Nilijua tangu Jumapili, na nilijua hata kabla.

Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akatazama katoni, kila moja na jina la mama aliyeleta mayai. "Kwa hivyo Mama Shiru amekuwa akiwabonyeza vifaranga wake mwenyewe."

Akanigeukia.

"Na Jumapili nitawaambia nini? Mimi ndiye niliwaambia ni bure."

"Nitasimama mimi, Mama."

Alinitazama sana. "Wewe? Wewe hata kuombea chakula unanong'ona."

Kisha akabeba katoni alizoweza, akaenda kuwauza vifaranga barabarani kwa bei yoyote. Hakusema kama bado nina kazi, nami sikuuliza. Tangazo nimelisimamisha mpaka watu waambiwe.

Ningesema ile siku ya kwanza, pengine angekataa, nami ningenuna siku chache. Basi. Niliogopa kununa.

Nimekuwa nikijaribu maneno mbele ya katoni zilizobaki: Ndugu zangu, asanteni kwa kutusimamia. Msibonyeze tena. Kosa si la Mama, ni langu. Sauti inakatika pale kwenye "langu."

Nitarudia mpaka isikatike.