Posa ya Makurunge

Mpendwa Bi Somoe, shikamoo, naomba msaada ila jina langu usilitaje, maana mimi ni fundi wa kuchonga milango hapa Bagamoyo, milango yangu inakwenda hadi Unguja, watoto watano nimewasomesha kwa patasi hii, na kwa miaka ishirini na sita mke wangu, tumwite Hajra, hajawahi kunilalamikia, lakini tangu Ramadhani iliyopita nguvu za kiume zimeniishia, nikitaka siwezi, nikianza sifiki, nimekunywa supu ya pweza kila jioni mpaka muuzaji ananicheka, nimenunua na vidonge barabarani moyo ukanienda mbio, nikasema basi, huenda ni yeye amenichosha, nikamwambia hivyo hivyo usoni, naye akaenda kwa somo wake aliyemfunda alipokuwa mwari, kuuliza amekosea wapi, na mimi nimeshapeleka posa Makurunge kwa mjane mmoja, ndoa ni Ijumaa ijayo, ili watu wajue bado nimo, ila nikiiwaza siku hiyo jasho linanitoka, na siku hizi kiu haiishi na kukojoa kila saa, nifanye nini?

Fundi, Bagamoyo

Marahaba, fundi. Pole, najua ilivyokuuma kuandika. Lakini umenikasirisha! Ugonjwa wako umemtwisha mkeo, mpaka mtu mzima karudi kwa somo kuulizia makosa. Na huyo mjane kakukosea nini hata umuoe kwa majaribio?

Hebu soma barua yako. Kiu na kukojoa umevitaja mwishoni kama porojo, na huenda ndiyo habari yenyewe. Inaweza kuwa sukari, au presha, au hata mawazo. Mishipa ikidhurika, damu haifiki inakotakiwa. Yanawapata wanaume wengi, hodari kama wewe, na wengi hutibiwa wakapata nafuu. Pweza ni mtamu, kunywa supu yako, ila yeye hapimi sukari. Vidonge vya barabarani tupa leo. Daktari hakuandikii dawa hizo kabla ya kujua moyo wako ukoje.

Mtume mshenga Makurunge akaivunje posa kwa adabu, kabla ya Ijumaa. Kesho asubuhi nenda hospitali ukapime, na Hajra uende naye. Kabla hamjatoka mlangoni mwambie, "Mke wangu, hujakosea popote. Mimi ndiye ninayeumwa." Utaona aibu. Mwambie hivyo hivyo, maana mwanamke huyo ana haki ya kutembea mjini kichwa juu, na wewe ndiye uliyemwinamisha.